Wiki sita hazitoshi kwa mfupa wa muundi

*Ajali za bodaboda zinaendelea kuingiza vijana kwenye wodi za mifupa. Wengi hutoka na mguu ulionyooshwa vizuri. Kazi ngumu inaanza nyumbani, katika miezi ambayo hakuna anayeilipia.*

NA MWANDISHI WETU
Dar es Salaam

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa siku ya marejeo amemwona kijana huyu. Ameingia kwa magongo mawili, suruali imefumuliwa mshono upande mmoja ili mguu wenye plasta gumu la jasi upite. Wodini plasta hilo linaitwa hogo. Mkononi ana bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei. Leo anatimiza wiki sita tangu ajali, na nyumbani ameaga kwamba anakwenda kufunguliwa.

Daktari anainua picha kwenye mwanga. Mfupa wa muundi umekaa sawa, haujahama. Lakini katikati yake mstari mweusi wa mvunjiko bado upo, unaonekana hata na mtu ambaye hakufundishwa kusoma picha. Pembeni mwa mstari kumeanza kutanda weupe hafifu. Kijana anaambiwa arudi baada ya wiki sita nyingine, na asithubutu kuukanyagia mguu uzito wote.

Mguu wenyewe hauumi tena kiasi cha kumliza. Kinachomuuma ni hesabu ya tajiri. Pikipiki aliyokuwa akiendesha kwa mkataba imekwisha kupewa mwingine. Michango ya kijiweni ilimalizika mwezi wa kwanza, kwenye dawa na nauli. Mwenye nyumba anasubiri kodi. Wiki sita alizivumilia kwa sababu aliambiwa ni sita. Nyingine sita hakuziwekea bajeti.

Miguu mingi iliyokwisha kuokolewa barabarani na mezani kwa daktari hupotea hapo. Kijana analowesha hogo kwenye beseni, analikata kwa kisu cha jikoni, na Jumatatu anapanda pikipiki.

Damu ndiyo inayoanza kazi

Mfupa ukivunjika unavuja damu. Mishipa iliyopita ndani ya uboho na ile iliyotambaa kwenye utando wa nje inakatika, damu inajaa kati ya ncha mbili za mfupa na kuganda. Wako wanaoiona damu hiyo kuwa uchafu wa ajali, wakataka ikandwe itoke. Kumbe bonge hilo la damu ndilo linaloita wajenzi. Seli za kinga hufika ndani ya saa chache, hula zilizokufa na kuondoa vipande vilivyosagika, huku zikitoa kemikali zinazoamsha seli changa zilizolala kwenye uboho na kwenye utando wa mfupa. Uvimbe, joto na maumivu ya siku za mwanzo ni dalili kwamba kazi imeanza.

Kufikia wiki ya pili na ya tatu, bonge la damu limegeuzwa kuwa tishu laini yenye mishipa mipya, na sehemu kubwa yake inakuwa gegedu, ile tishu ya kunyumbulika unayoigusa kwenye sikio lako. Mwili hauanzi na mfupa moja kwa moja kwa sababu katikati ya mvunjiko oksijeni ni haba na ncha bado zinatikisika. Seli za mfupa hazistahimili hali hiyo. Za gegedu zinaistahimili. Mgonjwa wa wiki ya tatu au ya nne huhisi kwamba ncha hazichezi tena, akadhani amepona. Uzito ukiwekwa juu ya gegedu hilo, mguu utapinda.

Kuanzia hapo chumvi za kalsiamu na fosfeti hutuama ndani ya gegedu, mishipa ya damu inapenya, na seli za kujenga zinaweka mfupa mchanga mahali pake. Mfupa huo umevimba kuzunguka mvunjiko, na nyuzi zake zimekaa bila mpangilio. Huo ndio weupe hafifu uliokuwa kwenye picha ya yule kijana. Kwa muundi wa mtu mzima, hatua hii inachukua miezi.

Inabaki awamu ndefu kuliko zote, ambayo mgonjwa haioni wala haihisi. Seli za kula mfupa na seli za kujenga mfupa zinafuatana, hizi zikichimba, zile zikijaza, mpaka uvimbe unapungua, nyuzi zinajipanga kufuata njia ya uzito na tundu la uboho linafunguka upya. Mwaka 1892 daktari wa Berlin, Julius Wolff, alichapisha kitabu kizima akionyesha kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaobebeshwa. Awamu hii huenda miezi hadi miaka.

Mwisho wake ni jambo ambalo mimi binafsi sijaacha kulistaajabia. Ngozi ikikatika inaachiwa kovu. Misuli ya moyo ikifa inaachiwa kovu. Mfupa uliounga vizuri unarudi kuwa mfupa mtupu, bila kovu, na miaka baadaye huenda eksirei isionyeshe palipovunjika.

> *Ngozi huachiwa kovu, misuli ya moyo huachiwa kovu. Mfupa uliounga vizuri unarudi kuwa mfupa.*

Kwa nini muundi

Pitisha kidole mbele ya mguu wako, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Kati ya kidole na mfupa kuna ngozi tu na utando mwembamba. Paja limezungukwa na misuli minene pande zote. Muundi umeachwa wazi upande mzima wa mbele.

Hilo lina matokeo mawili. Kwanza, ncha kali ya mfupa ikisukumwa kidogo tu inatoboa ngozi, na vumbi, mchanga na vipande vya suruali vinaingia. Pili, misuli ndiyo inayousaidia mfupa kupata damu mishipa ya ndani inapokatika. Palipo na misuli michache, msaada ni mdogo. Theluthi ya chini ya muundi, karibu na kifundo, ni maarufu kwa madaktari kwa ukaidi wake wa kuunga.

Sasa mweke mtu kwenye pikipiki. Miguu iko nje, mmoja kila upande, katika kimo kilekile cha bampa la gari. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni Tanzania Bara, na zikawapa ajira vijana wengi sana. Ziliweka pia miundi mingi mahali pabaya.

Mvunjiko uliotoboa ngozi una sheria zake. Mwaka 1976 Ramon Gustilo na John Anderson walipanga daraja tatu za majeraha hayo, kulingana na ukubwa wa kidonda na uharibifu wa nyama, na wodi duniani kote bado zinatumia mpango wao. Antibayotiki inatakiwa mapema kadiri inavyowezekana, ikiwezekana ndani ya saa moja, kisha kidonda kisafishwe chumba cha upasuaji. Anayekaa siku mbili nyumbani na kidonda hicho akipakwa dawa ya majani anaupa usaha nafasi ya kuingia ndani ya mfupa. Usaha ukishaingia mfupani hutoka kwa shida sana.

Watoto wana habari njema. Mfupa wao mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja, kama kijiti kibichi, huunga kwa muda mfupi kuliko wa mtu mzima, na kupinda kidogo hunyooshwa na ukuaji wenyewe. Mguu uliozungushwa, yaani kidole cha mguu kikawa kinatazama upande mwingine, haunyooshwi na ukuaji. Mzazi asisubiri.

Hesabu ya wiki sita ilitoka wapi

Haikuzuka tu. George Perkins, bingwa wa mifupa wa Uingereza katika karne ya 20, aliwapa wanafunzi wake njia rahisi ya kukisia. Mvunjiko uliopinda kuuzunguka mfupa wa mkono wa mtu mzima huanza kushikana kwa wiki 3. Ili ukomae, zidisha mara mbili, upate wiki 6. Ukiwa mguuni, zidisha tena mara mbili. Ukiwa umekatika kwa upana, mara mbili tena.

Piga hesabu hiyo mwenyewe. Wiki 6 ni za mkono. Mguu uliovunjika kwa kuzunguka ni wiki 12. Mguu uliokatika kwa upana, ambao ndio mvunjiko wa kawaida wa kugongwa na gari, ni wiki 24. Hapo bado ngozi haijatoboka. Haya ni makisio tu, lakini yanalingana na wanayoyaona madaktari: muundi wa mtu mzima aliye na afya huchukua takriban miezi minne hadi mitano, na ule wenye kidonda huenda mbali zaidi.

Naamini lawama ya kutoelewana huku ni ya mfumo mzima kuliko ya mgonjwa. Wodini, siku ya kuruhusiwa, anaambiwa: rudi baada ya wiki sita. Muuguzi anamaanisha tarehe ya kupiga picha nyingine. Mgonjwa na mama yake wanasikia tarehe ya kupona. Sentensi moja zaidi ingeokoa mengi, na inafaa iandikwe kwenye kadi kwa Kiswahili cha wazi: huu ni mwanzo, jiandaeni kwa miezi mitano au zaidi.

Mzee wa magango

Karibu kila wilaya ina mzee au bibi anayejulikana kwa kuunga mifupa. Anavuta, ananyoosha, anafunga magango ya mianzi au mbao, anachua kwa mafuta na majani. Watu wanamwendea kwa sababu za maana. Yuko karibu, analipwa kidogo kidogo, hata kwa kuku, na kwake hakuna anayetaja kukata mguu.

Tena mara nyingi anafaulu, na ni lazima tuseme hivyo bila kigugumizi. Anafaulu kwa sababu ileile inayomfaulisha daktari. Kazi ya kuunga inafanywa na mfupa wenyewe. Anayetibu anatoa vitu vitatu tu: mnyoosho, utulivu na damu inayopita. Mfupa wa mkono wa mtoto uliovunjika bila kuhama utaunga kwa mzee, na utaunga hospitalini.

Hatari iko kwenye kile cha tatu, damu. Gango likikazwa mguuni siku ya kwanza na mguu ukaendelea kuvimba, shinikizo ndani ya nyama linapanda mpaka damu haipiti. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa. Dalili ya mapema ni maumivu makali kupita kiasi cha jeraha, hasa vidole vinaponyooshwa, kisha ganzi. Anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo avumilie usiku kucha anamfanya aamke na mguu mweusi. Hogo la hospitali lililofungwa kwa kubana linaweza kufanya vilevile, kwa hiyo onyo hili linawahusu wote wawili.

Na kuna kiwiko. Kiwiko kilichovunjika kikichuliwa kwa nguvu huweza kuotesha mfupa ndani ya misuli, na mkono ukakakamaa moja kwa moja. Hapo kuchua hakufai hata kidogo.

Je, tuwapige marufuku? Mwaka 2002 Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na kuunda baraza la kuwasajili waganga, maana yake taifa lilikwisha kuchagua kuwatambua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu waunga mifupa wa kaskazini mwa nchi ulikuta miongoni mwao watu walio tayari kushirikiana na hospitali. Ethiopia ilithubutu mapema. Daktari Mekonen Eshete aliwafundisha waunga mifupa hatari ya kufunga kwa kubana, na mwaka 2005 akaripoti kwamba visa vya kukatwa viungo kwa sababu hiyo vilipungua baada ya mafunzo mafupi.

Mimi naona hiyo ndiyo njia. Mzee afundishwe mambo matatu ya kutogusa: kidonda kilichofunua mfupa, kiwiko cha mtoto, na mguu wenye ganzi. Wagonjwa wenye hali hizo awapeleke hospitali siku hiyohiyo, na hospitali impokee kwa heshima atakapowaleta. Akifokewa mapokezini mara moja, hatakuja tena.

Wataalamu wanaodharau waunga mifupa wangefaa wakumbuke asili ya fani yao. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 kisiwani Anglesey, Wales, ndiye mmoja wa waasisi wa tiba ya mifupa ya kisasa. Gango lake lenye pete ya kuzunguka paja lipo katika wodi hadi leo. Ukoo wake ulikuwa wa waunga mifupa. Baba yake, Evan Thomas, alifanya kazi hiyo Liverpool bila shahada na aliburutwa mahakamani na madaktari mara kadhaa. Alichofanya ni kuwasomesha udaktari watoto wake wote watano wa kiume. Hugh akaunganisha shule na mikono ya ukoo. Mpwa wake, Robert Jones, alilipeleka gango hilo kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, likawaokoa wanajeshi wengi waliovunjika paja.

> *Anayetibu anatoa vitu vitatu tu: mnyoosho, utulivu na damu inayopita.*

Chuma cha ndani au antena

Ndani ya hospitali nako kuna ubishi. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyevunjika paja alilazwa, mguu ukavutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, akakaa hivyo wiki 6 hadi 12. Mfupa uliunga, lakini familia ilifilisika ikimpelekea uji.

Mwaka 1939 Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuingiza fimbo ya chuma ndani ya tundu la uboho, na mgonjwa akaweza kusimama baada ya siku chache. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, madaktari wa Marekani waliwapokea mateka waliorudi wakiwa na vyuma hivyo mapajani wakashangaa. Shida kwa nchi zetu ilikuwa kukosa mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, inayomwonyesha daktari tundu la skrubu ya kufungia fimbo hiyo liko wapi.

Jibu lilitoka Richland, mji wa jimbo la Washington. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle, aliyehudumu katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN linalotengeneza fimbo ya chuma yenye kishikio cha nje cha kuelekeza skrubu. Daktari anazifunga bila mashine hiyo. Shirika huzitoa kwa hospitali bila malipo, na Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996, ni miongoni mwa wanaozitumia.

Kwa muundi uliotoboa ngozi ubishi uliendelea. Wapo walioogopa kuingiza chuma ndani ya mfupa uliokwisha kuonja mchanga wa barabarani. Walipendelea vyuma vya nje, pini zinazopita kwenye mfupa na kushikwa na fimbo nje ya ngozi. Wagonjwa wanaviita antena.

Dar es Salaam ndiyo iliyolipima swali hilo. Watafiti wa MOI wakiongozwa na Dk. Billy Haonga, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwagawa wagonjwa 240 kwa bahati nasibu, hawa chuma cha ndani, wale antena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, matatizo makubwa, kama vifo na kurudishwa mezani kwa usaha, kutounga au kupinda, hayakutofautiana kwa kiwango cha kuthibitika. Waliopata chuma cha ndani walikuwa na miguu iliyonyooka zaidi, na katika wiki ya sita maisha yao yalikuwa mepesi zaidi. Mwaka ulipotimia, tofauti hiyo ya maisha ilikuwa imefifia.

Kwangu matokeo hayo yanasema jambo kubwa. Hospitali ya mkoa yenye antena tu haina sababu ya kumwonea haya mgonjwa wake, ilimradi kidonda kimesafishwa mapema na pini zinasafishwa kila siku. Pia yanatuonyesha kwamba swali la wagonjwa wa hapa linaweza kujibiwa hapahapa.

Tulia au kanyaga?

Hugh Owen Thomas alihubiri utulivu: wa lazima, wa muda mrefu, usiokatizwa. Mfaransa Just Lucas-Championnière, katika zama hizohizo, alihubiri mwendo. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli.

Msukumo mdogo wa kushuka wima, ncha zikigandamizana, huchochea mfupa kuota. Kuzungusha na kuteleza pembeni hukata mishipa michanga na kuirudisha kazi nyuma. Ndiyo maana mwenye chuma cha ndani kilichofungwa skrubu anaweza kuruhusiwa kukanyaga mapema, na mwenye hogo akaambiwa aguse chini kwa kidole tu. Wote wamevunjika muundi, wote wamekaa benchi moja, na ushauri wa mmoja unaweza kumvunja mwenzake. Mgonjwa afuate alichoambiwa yeye.

Kutulia kupita kiasi nako kuna gharama. Paja husinyaa ndani ya wiki chache, goti linakaza, kifundo kinasahau kupinda. Nimesikitika kuona fiziotherapia ikichukuliwa kama anasa ya mwisho, wakati kukaza misuli ya paja na kuchezesha vidole kunaweza kuanza siku za mwanzo kabisa, kitandani, bila shilingi moja.

Mfupa umeunga lini? Madaktari hutazama picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Zinatoa kingo nne za mfupa, na daraja likionekana kwenye tatu, hesabu ni nzuri. Kisha wanauliza mwili. Kwa wagonjwa wa paja waliowekewa chuma cha SIGN kuna kipimo kisichohitaji umeme: mgonjwa anaambiwa achuchumae hadi chini huku akitabasamu, anapigwa picha. Akichuchumaa bila kushikilia kitu na tabasamu likabaki, dalili ni njema. Kipimo hicho kimechunguzwa kwa wagonjwa wa Tanzania, na kina maana ya pekee kwa mtu ambaye choo cha nyumbani kwake ni cha kuchuchumaa.

Supu, sigara na kisukari

Supu ya makongoro ni nzuri kwa mgonjwa asiyekuwa na hamu ya kula, lakini kalsiamu yake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Dagaa anayeliwa na mifupa yake anampita mbali. Mayai, maharage, maziwa na jua la asubuhi vinatosha kukamilisha orodha. Mfupa unajengwa kwa protini kabla ya kupokea chumvi, kwa hiyo ugali na mchicha peke yake havitoshi.

Sigara ni adui wa kweli. Inabana mishipa midogo, na tafiti nyingi zimeonyesha wavutaji huchelewa kuunga. Kisukari kisichodhibitiwa hufanya hivyohivyo. Anayevunjika akiwa na umri wa miaka 50 kwenda juu na hajawahi kupima sukari, apimwe.

Mfupa ukikataa

Ikipita miezi 9 na picha za miezi 3 ya mwisho hazionyeshi maendeleo, madaktari husema mfupa umeshindwa kuunga. Sababu kubwa ni usaha, damu haba, au ncha zilizoendelea kucheza, na hogo lililokatwa nyumbani kwa kisu huchangia hilo la mwisho.

Palipopotea kipande cha mfupa, tumaini lilitoka Kurgan, Siberia. Katika miaka ya 1950 Gavriil Ilizarov alibuni pete za chuma zinazozunguka mguu na kugundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukivutwa milimita 1 kwa siku katika mizunguko minne midogo, hujaza nafasi kwa mfupa mpya. Bei yake ni muda: kila sentimita humgharimu mgonjwa takriban mwezi au zaidi ndani ya vyuma. Aliyeshindwa kusubiri miezi mitano anajikuta anasubiri mwaka wa pili.

Nani analipa miezi hii?

Chukua vijana wawili wenye muundi uliokatika sawasawa. Mmoja ni mwajiriwa wa kampuni ya ujenzi aliyeumia kazini. Mwajiri wake anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mfuko humlipa sehemu ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi. Wa pili anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, bila mkataba wa ajira. Wa kwanza atasubiri mfupa. Wa pili atasubiri mpaka unga uishe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaahidi kumfikia huyu wa pili, na ikitekelezwa kikamilifu itakuwa nafuu kubwa kwenye upasuaji, dawa na picha. Lakini bima ya afya hulipa matibabu. Kodi ya chumba, nauli ya bajaji ya mtu asiyeweza kupanda daladala kwa magongo, na ada ya mtoto vinabaki mezani. Kwa mvunjiko wa muundi, hivyo ndivyo vinavyoamua kama tiba itakamilika.

Vyama vya bodaboda vina nguvu ambayo havijaitumia. Ajali ikitokea, kijiwe huchanga siku hiyohiyo na kumaliza siku hiyohiyo. Moyo huo ni mkubwa, na ratiba yake ndiyo inayohitaji kubadilishwa. Nusu ya mchango iende hospitali mara moja. Nusu ya pili igawanywe kwa mafungu ya kila mwezi hadi mwezi wa tano, na kila fungu litolewe mgonjwa anaporudi na picha mpya. Mwenye pikipiki naye akubaliane na kijiwe tangu mwanzo kwamba dereva akivunjika, nafasi yake inashikiliwa na mwenzake kwa muda unaojulikana. Tarehe zote za kurudi zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na mweka hazina anaweza kuzinakili kwenye daftari lake siku ileile mwenzao anaporuhusiwa kutoka wodini.